Taa Ndogo ya Upande wa Dereva

Baba alikuwa akiisikiliza injini kwa bisibisi:
ncha juu ya chuma, mpini tunduni mwa sikio,
macho kayafumba kama mwonja mchuzi.
"Vali ya tatu," angesema, na ingekuwa ya tatu.
Orest Hnatiuk, shamba la nje ya Canora;
watu walimletea trekta zao kama wagonjwa.

Kisha miaka arobaini ya trekta zisizo na vibanda
ikamdai deni lake: sikio moja, halafu la pili.
Oktoba iliyopita aliendesha pikapu maili sita
beringi zikilia, zikilia, yeye akitazama bata bukini.
Ilipozima akashuka, akafungua boneti,
akasimama na bisibisi mkononi
asijue aiweke wapi.

Sikio la kufa halisikii dawa.
Vema. Sikuleta dawa. Nimeleta geji.

Tano: presha ya oili, joto la maji, joto la giaboksi,
volti, na ya petroli, kwa kuwa ile ya kiwandani
inasema uongo tangu nizaliwe.
Nilizipata kwa Dale Friesen, anayechinja magari makuukuu;
moja ina ufa kiooni, nikaichukua hivyo hivyo.

Kwanza nilikata boksi la kornfleksi,
nikalikunja kati ya viti, nikalikata tena,
mpaka likakaa kama paka aliyezoea.
Kisha plaiwudi, matundu matano ya milimita hamsini na mbili.
Nilipima kila kitu isipokuwa goti la baba.
Gia ya pili ikagonga ubao, goti likagonga ukingo,
akanitazama kwa huruma ya fundi mkuu.
Kibao cha kwanza kikawa kuni. Kilituwakia vizuri.

Cha pili nikakiinamisha kidogo kumwelekea,
pembe nikazipiga msasa
hadi zikawa laini kama sabuni iliyotumika,
nikakivika ngozi ya kochi la shangazi Stefania,
ambaye hajaulizwa bado.
Nyaya: nyekundu kwa uhai, nyeusi kwa ardhi,
kila moja na fyuzi yake, maana moto hauna udugu.
Usiku gereji ilinuka risasi ya kulehemu na kahawa;
nje, digrii thelathini na moja chini ya sifuri,
theluji tayari kulia chini ya buti za mpita njia.
Hakupita mtu.

"Mimi si rubani," baba alisema alipokiona,
kwa sauti kubwa, kama asemavyo siku hizi.
Akapekua chini, akitafuta kosa, akalipata:
relei ya feni niliiweka karibu mno na hita.
Akaihamisha mwenyewe bila neno.
Kisha akachomoa penseli ya seremala
akaandika chini ya kila swichi
kwa herufi za bibi yake, zile za kanisani,
ambazo mimi nazisoma kwa kujikwaa.

Ila moja. Swichi ya sita, upande wa abiria.
Akainua nyusi. Nikamwonyesha kiganja: ngoja.

Asubuhi tukawasha. Mshale wa oili ukalala,
ukalala (nilikuwa nahesabu), kisha ukainuka
kama mtu aliyeitwa jina lake usingizini.
Baba akaweka mkono juu ya ubao.
"Arobaini," akasema, akiangalia dirishani.
Nikachungulia geji: arobaini na moja.

Barabara ya changarawe, mashamba meupe huku na huku,
uzio, uzio, ghala la nafaka lililoinama.
Nikabonyeza swichi yangu.
Mbele yake, juu ya usukani, taa nyekundu
ndogo kama punje ya komamanga.
Akageuka, akanitazama midomo.
"Nini?"

Wiki tatu nimelehemu ili niulizwe hivyo.
Nilikuwa na maneno ya miaka miwili;
yote yakagombea mlango mmoja.
"Umeipita kona," nikasema.

"Najua," akasema.
Wala hakupunguza mwendo.