Fito za Tata

Kesho tunakwenda bwawani kwa Mwilambwe,
na Tata ameniambia nichague.

Fito sita zimeegemea friji iliyokufa
sebuleni kwetu Katuba. Umeme umekatika.
Nashika mmoja mmoja kwa tako, nautikisa gizani,
nasikiliza unavyonesa.

Wa kwanza tunauita Mkaidi.
Haupindi. Kuupinda ni sawa na kupinda neno la shangazi Kabulo.
Huo ni wa chura,
chura wa mpira niliyemkata kutoka kandambili nyekundu,
anayerukaruka juu ya magugu na majani ya yungiyungi
mpaka maji yapasuke chini yake.
Hapo hakuna nafasi ya huruma:
besi akishameza anarudi mizizini kwake,
na ufito laini utabaki ukimwomba radhi
wakati yeye anafunga mlango.

Wa pili mlegevu, unapinda kuanzia kiunoni
kama mtu anayecheka kweli.
Huo ni wa kisamaki cha mti chenye kidevu cha bati,
kile kinachozama kikivutwa, kikitikisa mkia,
chenye ndoana tatu tatu tumboni.
Ndoana ndogo hazipendi haraka.
Kivute kwa Mkaidi, utapata midomo bila samaki.

Wa tatu ni mwembamba kama antena ya redio,
na sitanii, ncha yake ni antena ya redio,
Mumba aliiunganisha kwa gundi na uzi wa viatu.
Huo ni wa mnyoo wa mpira
unaoburutwa polepole juu ya tope,
ambapo samaki haumi, ananong'ona tu:
tk.
Usipomsikia kwenye kidole cha shahada, basi,
amekwisha tema.

Wa nne ulivunjika Likasi
na kila mtu ana maelezo yake.

Watu husema samaki mkunje angali mbichi.
Nyumbani kwetu tulifunzwa kukunja ufito kwanza.

Tata aliyeyusha shaba miaka thelathini na mmoja,
akivaa harufu ya moto hata Jumapili kanisani.
Walipowaachisha kazi alirudi na mabaki mfukoni,
akakaa uani, akaanza kufua vijiko vya kuvulia,
virefu kama kidole gumba, vyenye tundu moja,
ving'aavyo siku mbili kisha vikageuka kahawia
kama maji yenyewe.
Tangu mwezi wa tano mkono wake wa kulia unatetemeka.
Chai humwagika kabla haijafika.
Nyundo ameniachia mimi.

Nilitaka kumpa Mkaidi.
Ni mzito, niliwaza, utautuliza mkono;
kitetemacho kifunge kwenye kigumu.
Jana tulijaza beseni la kufulia, nikampa aushike.
Kijiko kikaning'inia majini kimenyooka,
kimekufa, kama kijiko cha kulia.

Ndipo nikampa wa antena.
Mtetemo ukatoka kwenye kifundo,
ukapita pete kwa pete,
ukateremka na uzi,
na ndani ya beseni shaba ikaanza kutapatapa:
samaki mdogo, mgonjwa, aliyeachwa na kundi,
tonge ambalo hakuna besi atakayelipita.
Nimejaribu kuuiga mtetemo ule. Siwezi.
Mkono wangu unasita, unakumbuka, unajidai.

Tata alilitazama beseni muda mrefu.
"Kumbe," akasema, "bado unafanya kazi."
Sikujua anasema ufito au mkono.
Sikuuliza.

Basi kesho Mkaidi ni wangu, na chura wangu mwekundu,
na wa antena ni wake.
Mama anataka beseni lake lirudi usiku huu huu.
Anasema tumeliachia shaba ndani,
na sare za shule zikitoka kijani
tutakwenda kuzieleza wenyewe kwa mwalimu.