Shavu la Dirishani

Shavu langu la kulia limelitangulia la kushoto
kwa miaka kumi, pengine kumi na miwili.
Daktari Weerakoon aligundua kabla sijaketi:
"Uliwahi kuendesha lori, Coralie?"
Miaka thelathini na minne, nikamwambia,
Mildura shambani hadi kiwandani, masanduku ya zabibu nyuma,
kioo nimekishusha, kiwiko nje,
na jua la Januari limeketi nami kama utingo
asiyelipwa, asiyeshuka.

Nyumbani tulianika kwenye chanja za waya,
ngazi juu ya ngazi, chini ya paa la bati.
Zabibu mbichi zilitaka siku kumi na nne
kukunjamana, kuwa tamu, kuwa pesa.
Mimi nilitaka muda mrefu kidogo.
Utamu, sijui.

Hatukuogopa kitu. Tulijipaka mafuta ya nazi
tukalala ukingoni mwa mto Murray kama mikate
inayongoja kuiva upande wa pili.
Clarrie ndiye aliyekatwa kwanza: ncha ya sikio,
kisha kipande cha pua, kisha shingoni,
kisha wakaacha kukata.

Sasa nimelala chali. Wamenifunika macho kwa vikombe vya chuma,
jeli shavuni baridi kama tumbo la samaki.
Muuguzi Bronte anahesabu: moja, mbili,
na mwanga unapiga.
Nauona mwekundu, ingawa sistahili kuuona.
Ni mpira wa kufungia noti, umevutwa ukaachiliwa,
hapa, hapa, tena hapa.
Harufu ya malaika yakiungua juu ya mdomo.
Dawa ya moto ni moto, walisema wahenga,
ila wahenga hawakulipa dola mia nne kila awamu.

Nacheka. Bronte ananikataza:
ngozi ikijikunja, mwanga unakosa njia.
Baadaye ananipa kioo cha mkono, ananionyesha
pembeni mwa macho mistari myeupe, myembamba kama uzi,
ndani ya makunyanzi, mahali jua halikufika
kwa kuwa nilikuwa nimefinya uso
kwa mwangaza, au kwa kicheko.
Hata mimi sikumbuki kipi kilizidi.
"Hii je?"
Iache. Hiyo ndiyo rangi niliyozaliwa nayo.

Siku ya sita madoa yakapanda juu,
meusi kama machicha ya kahawa,
yakaanza kudondoka kwenye sinki.
Nililiokota moja kwa ncha ya kidole:
wewe ni wa mavuno ya mwaka gani?
Ule mwaka mvua ilipoozesha chanja zote?
Au ule mchana wa kumzika Clarrie,
niliposimama kaburini bila kofia
kwa sababu kofia ilikuwa yake?
Nikafungua bomba.

Leo anaendesha Tamsin, mjukuu wangu.
Nimekaa kushoto, kiti nisichokizoea,
na jua, lilelile, limezunguka upande huu,
linabisha hodi kwenye shavu changa.
Nalijua. Limeshakula nusu ya uso wangu
na halijasema limeshiba.
Napandisha kioo.

Kilomita mbili mbele, mizabibu inanukia sukari.
Nakishusha.
Vidole viwili tu,
na kofia kichwani.