Mgeni Njoo

Juni, Białystok. Walimshonea dada
figo la mtu tusiyemjua jina,
wakawalaza askari wa mwili wake
kwa vidonge, asubuhi na jioni,
wasije wakamfukuza aliyekuja kwa heri.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Na mwenyeji alipona. Siku kumi na mbili.
Mkojo ulijaa mfuko, wauguzi wakashangilia;
Halszka akaomba tango la siki
alilonyimwa miaka sita ya mashine,
akalitafuna huku amefumba macho.

Siku ya kumi na tatu alikiita kijiko ufunguo.
Tukacheka. Naye akacheka.
Usiku homa ikapanda, mkono wa kushoto,
mkono wa fundi cherehani,
ukawa unashona hewa, unashona, unashona,
na kulipokucha hakujua mlango hufunguka upande gani.

Daktari Żurawska alichota maji ya uti wa mgongo,
akarudi na swali moja:
Aliingia msituni?
Msituni! Mtu aliyefungwa mirija
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
aliyeiona miti kwenye kalenda ya duka la dawa?
Hakuingia. Msitu ndio ulioingia.
Kupe mmoja, punje ya ufuta,
alimng'ata mwenye figo kabla pikipiki haijamtupa,
na kirusi kikasafiri ndani ya zawadi,
kikakuta lango wazi,
walinzi wamelala kwa amri yetu wenyewe.

Ini la mtu yuleyule lilipelekwa Łomża, kwa mwashi.
Tuliambiwa hakuamka.

Figo lenyewe, ajabu, halikukosea hata siku moja.
Ubongo unawaka, lenyewe linachuja tu,
kama mtumishi anayefagia ukumbi
nyumba ikiungua.

Sasa Novemba. Anatembea kwa kushika ukuta.
Uzi haupiti tena tundu la sindano.
Amepoteza majina ya wanangu,
na mwaka karibu mzima,
na ile jioni ya Machi, jikoni kwa mama,
niliposema: nimeghairi, Halszka. Naogopa kisu.
Vipimo vyetu vilikuwa vimelingana.
Karatasi nilikuwa nimeshasaini.

Jana alikichukua kiganja changu
akakilaza juu ya kovu.
"Figo lako hili, Tymek," akasema.
"Sikia linavyofanya kazi. Mungu akulipe."

Chini ya vidole vyangu palikuwa na joto.
Nikamwambia,
kula, supu inapoa.