Herufi U

Saa tano kasorobo. Mlango wa Kamati ya Uteuzi umefungwa,
simu zetu zimeachwa nje kwenye kikapu
kama mayai yaliyosusiwa na kuku.
Viatu vipya vinanishtaki kisiginoni.

Wanaanza na mepesi: mali, madeni,
kesi ngapi zimelala mezani pangu.
Mia mbili na kumi na moja, nasema.
Kalamu zinakwaruza.
Kisha mheshimiwa mmoja, wa upande wa dirishani,
anainua cheti changu cha darasa la saba kwenye mwanga,
vile mwenye duka anavyopima noti ya elfu hamsini.

"Hapa ni Kabasingzi.
Kwenye shahada, Kabasinguzi.
Sasa sisi tumthibitishe nani?"

Wanacheka. Nacheka nao.
Halafu nabaki nikicheka peke yangu.

Mwalimu Rusoke, Mungu amrehemu,
alijaza fomu zetu sitini kwa usiku mmoja,
pale Kasunganyanja, koroboi ikikohoa,
na U yangu ikamponyoka.
Miaka thelathini na tisa iko sakafuni,
imefagiwa, imekanyagwa,
sikuwahi kuinama kuitafuta.

Napewa hadi saa tisa. Nashuka ngazi mbio,
jaji mtarajiwa, bodaboda, mkoba kifuani,
mpaka Nasser Road wanakosema shahada huzaliwa usiku,
napanga foleni kwa wakili wa viapo
nyuma ya kijana aliyepoteza namba ya pikipiki.
Mimi, niliyetajwa hapo juu, naapa na kusema
kwamba mimi ni mimi.
Mhuri. Elfu ishirini.

Na hapo, wino haujakauka,
akanijia Nyakaisiki.

Kyenjojo, Jumanne ya mvua, mwaka wangu wa tatu kitini.
Mjane, kandambili mkononi asichafue sakafu yangu,
hati ya shamba imefungwa kwenye mfuko wa sukari.
Hati ilisema Nyakaiski.
Nikatazama saa. Nikasema, na Kiingereza changu kilinyooka siku hiyo,
mahakama haimjui mtu asiyejulikana na karatasi zake.
Hakuwa na elfu ishirini. Hakuwa na shilingi ya kurudia Kihuura.
Akapiga goti, akasema, "Webale, Abwooli."

Sijui nani alimnong'oneza empaako yangu.
Jina hilo halipo kwenye cheti chochote,
ndilo pekee ambalo hakuna mtu
aliyewahi kulikosea.

Saa tisa na robo wakanipitisha.
Mheshimiwa wa dirishani akanishika mkono kwa mikono miwili,
"Tulitaka tu kuwa na uhakika, mama jaji."
Nje, ndugu zangu wamekuja na maua ya plastiki,
shangazi anapiga vigelegele hadi askari anamwomba apunguze.

Nikaokota simu yangu kikapuni,
nikajitenga penye ukuta, nikampigia karani wa Kyenjojo.
Nitafutie jalada, nikamwambia, la zamani,
mjane mmoja, shamba la mumewe,
anaitwa Nyakaisiki.

Nikasikia droo ikivutwa, ikikwama, ikivutwa tena.
"Samahani, mheshimiwa," akasema,
"Nyakaisiki wa I ngapi?"