Nge

Swali la nane limeniota sugu ulimini:
*Kama uchaguzi ungefanyika leo,
ungempa nani kura ya uwakilishi wa wadi?*

Kila nyumba ya saba, ndivyo tulivyoagizwa.
Kahindi, fundi baiskeli kule Maweni,
hakuinua macho kwenye spoku.
"Leo ni Jumanne. Uchaguzi ni Agosti.
Siwezi kuizibia pancha safari isiyoanza."
Nikagusa kioo: *Hajaamua.*

Bi Tima wa Shela,
Shela yetu ya Malindi, si ile ya Lamu,
alinikalisha, akanipa kaimati,
akauliza mimi ni mtoto wa nani, mjukuu wa nani,
na huyo aliyenituma ana miguu au hana.
Kaimati nne. Jibu, hata nusu.
*Hajaamua.*

Muyeye, Dama Charo na mitungi mitatu mikavu:
"Mfereji ungetoka maji, ningekujibu.
Ungekuja mwaka juzi tulipofurika, ningekujibu.
Mwanangu angepata basari..."
Akanyamaza. Kishikwambi hakina pa kuandika
mtu anaponyamaza hivyo.

Hapo ndipo nilipomwona,
amejikunja katikati ya kitenzi,
mkia juu:
unge, ninge, ange.
Nge.
Nyanya alitufunza kukung'uta viatu
kabla ya kutia mguu.
Maswali hakutuambia.

Saa kumi msimamizi akapiga simu.
"Wasioamua wamezidi, Saumu. Wabane kidogo."
Wabane na nini, bwana? Nina kalamu ya plastiki
na fulana yenye nembo ya kampuni,
inachujia jasho la kijani.

Nikahesabu nyumba: tano, sita,
ya saba ina pazia ninalolijua,
nililolishona mwenyewe, limepinda upande mmoja.
Mama alikuwa anachambua kunde.
"Uliza," akasema, "kama unavyowauliza wenzangu.
Usinionee haya."

Nikauliza. Akachambua. Akapuliza makapi.
"Na wewe," akasema,
"wangekulipa leo ile miezi miwili,
ungenunua nini?"

"Mchele," nikasema,
kabla sijajua nimefungua mdomo.

"Basi andika."

Jina la kwanza, jina la pili, jina la tatu,
*Amekataa kujibu*, *Hajaamua*,
na chini kabisa, *Mengineyo, fafanua*.
Nikafafanua. Mchele.
Nikatuma kabla chaji haijaisha.