Gurudumu la Sita

Baba aligonga magurudumu miaka ishirini na tisa,
stesheni ya Tazara, Mbeya.
Treni ikiingia kutoka Tunduma, saa nane za usiku,
ukungu wa Juni umelala juu ya reli,
alishuka na taa na nyundo yake ndefu,
akainama, akagonga.
Ngwee.
Hatua tatu.
Ngwee.
Abiria walijifunika vitenge hadi utosini:
huyu mzee hana usingizi,
anatupigia kelele za bure.

Tuliishi kwota za reli. Nilikuwa na miaka tisa,
mbeba chupa ya chai.
Nikamwuliza, Baba, huo ni muziki?
Alicheka hadi taa ikatikisika.
"Muziki uko Jumapili, kwa Wamoraviani.
Mimi hapa nauliza, chuma kinajibu.
Kizima kinasema ngwee.
Chenye ufa kinasema pu,
kama mtu aliyeficha jambo."

Usiku mmoja gurudumu la sita, behewa la nne,
likasema pu.
Akarudia. Pu.
Treni ikalala Mbeya hadi mchana.
Walimtukana kwa Kinyakyusa, kwa Kibemba,
na kwa Kiswahili kilichonyooka cha Dar es Salaam;
mama mmoja aliwalilia nyanya zake zilizokuwa zikiiva tenga zima.
Baba hakumjibu mtu. Alikaa juu ya taruma akinywa chai,
ameikamata ile pu kichwani
kama anayekamata nyoka shingoni.

Baadaye nilifundishwa mengi:
kwamba muziki ni sauti iliyopimwa,
na kelele haina kipimo.
Lakini mashine ya kukoboa ya Mwambene
hupima vizuri kuliko kwaya yetu,
tuku-tuku-tuku tangu alfajiri,
na sijaona aliyefumba macho kuisikiliza.

Sasa Baba amestaafu.
Sikio la kushoto limekufa, la kulia linachagua.
Anaota moto jikoni kwangu, Uyole,
koti limefungwa hadi kidevuni.
Lugano, binti yangu wa miaka sita,
amepanga sufuria saba sakafuni,
na kati ya ya tano na ya mwisho mbili
ameweka ndoo ya plastiki iliyopasuka.
Hadithi ya lile behewa anaijua. Nani humu ndani haijui?

Ngwee, ngwee, ngwee, ngwee, ngwee,
pu,
ngwee, ngwee.

Mara ya kwanza Baba alishtuka,
mkono ukaitafuta nyundo.
Mara ya pili akakunja uso.
Kosa alilolisaka usiku kwa usiku ling'olewe relini,
mtoto amelirudisha,
kwa makusudi,
palepale.

Mara ya tatu, sufuria ya tano ikilia,
nilimwona akiinua kidole
kabla.
Kidole kikangoja hewani.
Na Lugano, mtundu, akakiona,
akachelewa.
Makaa yakapasuka,
ng'ombe wa jirani akalia,
lori likakoroma likiupanda Mlima Nyoka,
vyote vikapita, hakuna aliyevingoja,
kisha
pu.

Baba akashusha kidole.
"Tena," akasema.
Mama, mlangoni, alitaka sufuria zake;
maharage yalikuwa bado hayajabandikwa.