Kidaka cha Saba

Nimeketi peke yangu
mbele ya ukuta wangu,
eda ni kufuli yangu,
leo siku ya sitini.

Lali, fundi wa chokaa:
zidaka sita zang'aa,
cha saba kimeduwaa,
hakina maua ndani.

Hakuumwa hata kucha,
alilala hadi kucha;
kumekucha, hakukucha
kwake yeye kitandani.

Daktari alipima,
akakuna, akahema,
“Ni moyo,” ndivyo kasema;
sababu, hakubaini.

Tena nyuma, mwaka jana,
Sauda, wangu kijana:
homa ndogo, si ya jina,
akanitoka pajani.

Wifi Esha huja hapa,
maneno mengi hunipa,
“Ni mtihani,” huapa,
“una siri yake ndani.”

Namshukuru kwa tende
na kashata za vipande,
ila siri aipende
yeye; mimi siioni.

Nimegomba na Mwenyezi
usiku, bila machozi,
nikamwambia: “Mlezi,
kosa la mtoto nini?”

Hakuna lililoshuka.
Ni punda aliyecheka,
kisha adhana kufika,
ikaita Mkomani.

Nainuka na hasira,
singojei moyo bora,
naitia maji sura,
kata moja, birikani.

Nasujudu nikinuna.
Kununa kwangu Aona,
mlango hajaubana;
naingia, nimo ndani.

Asumini nazikosa,
udi, wanja sijagusa,
sikupewa hata kisa;
natii hivi, gizani.

Nduguye kaja: “We Mize,
kidaka nikimalize,
chokaa niikoleze,
kisibaki ukiwani?”

Nikasema kwa pazia:
“La. Hivyo kitabakia.
Taa humo nitatia,
nisome kwayo jioni.”

Famau ameuliza,
jino jipya latokeza:
“Mungu ametufukuza?”
Nikamweka mapajani.

Sikumpa la uongo:
“Sijui, mwana. Mlango
haufungwi kwa kinyongo;
tubishe, tukae chini.”

Siku sabini zabaki,
sizihimizi, sitaki;
ukuta haunicheki
wala hauniauni.

Kidaka cha saba, wazi,
kina alama za kazi:
kidole cha juzi juzi
kimeganda chokaani.

Nakigusa. Kisha kata.
Alasiri imeita.
Sijui nitachopata.
Naweka uso jamvini.

Mkomani, Lamu